Kwa mnaoanza kupangia okestra muziki wa gemu: gaweni kabla ya kuongeza

Wadogo zangu, mwezi huu nimesikiliza kazi nyingi za wanaoanza, za Unguja na za Pemba, na karibu zote zina ugonjwa mmoja. Mtu anafungua muziki wa gemu, anamwaga noti za midi (faili la noti ambalo kompyuta inalisoma na kulipiga) kwenye programu, khalafu anaanza kurundika: fidla, tarumbeta, kwaya, ngoma kubwa, kengele. Ukimuuliza sello inafanya nini pale, anakwambia "inajaza". Sello haikuletwa kujaza. Naandika haya kwa sababu nawapenda, na kwa sababu nimechoka kumwambia mmoja mmoja mlangoni baada ya mazoezi.

1. Ijue asili, sauti kwa sauti.

Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo ya mwaka 1983, ilikuwa na njia tano tu za sauti: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya pembetatu, moja ya kelele tupu iliyotumika badala ya ngoma, na moja ya sampuli fupi, yaani vipande vya sauti iliyorekodiwa. Mtunzi Koji Kondo alipoandika muziki wa Super Mario Bros. mwaka 1985, kila noti ilibidi igombee nafasi humo. Ile ya pembetatu ndiyo mara nyingi hubeba besi, nayo haina pa kupunguzia wala kuongezea ukubwa wa sauti: ama inalia, ama imenyamaza. Ndiyo maana besi za gemu za zamani zinatembea kwa kukatika. Mkato ule ndio mdundo wenyewe. Nyinyi mnaipa dabalbesi noti ndefu za upinde, mdundo unakufa, khalafu mnaongeza ngoma kuufufua. Mwambieni mpigaji wake apige kwa vidole, basi.

Na zile noti zinazokimbia juu na chini mfululizo? Mtunzi hakuwa na sauti za kutosha kupiga kodi nzima, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo akazitawanya noti zake, moja nyuma ya nyingine, kwa kasi, ili sikio liziunganishe. Ile ni kodi. Okestra inao watu wa kuipiga: sello noti moja, viola noti moja, fidla ya pili noti moja. Msimpe mpiga fidla zile mbio azikimbize dakika tatu mpaka mkono ufe ganzi.

Jengine: msinakili noti huku mtu anacheza gemu. Kwenye Famicom, sauti ya kuruka inaichukua njia moja ya muziki kwa muda. Nimeona mpangilio wenye mapengo katikati ya melodia, na mwenyewe akaniambia mtunzi aliweka mapumziko. Hayakuwa mapumziko, ni ndugu yake alikuwa anaruka.

2. Jueni mnamwandikia nani. Firka, yaani kundi la wapigaji, ya taarab ina nguvu yake: fidla, udi, ganuni, nai na kodiani wanaifuata melodia moja, kila mmoja anaipamba kwa mkono wake. Ukiwaandikia sauti nne za kwaya ya kanisani umewanyang'anya wanachokijua na hukuwapa kitu. Waandikie mstari mmoja wenye nguvu, kisha amua nani anaingia, nani anatoka.

3. Kaeni na wapigaji kabla hamjachapa karatasi.

Hapa nitakaa kidogo. Kuna kijana wa Wete, sasa ni mmoja wa wapangaji ninaowaamini kuliko wote, ameniruhusu nimsimulie bila ya jina. Mara ya kwanza kuja kwenye firka yetu alileta muziki wa pambano la bosi, yule adui mkubwa wa mwisho wa leveli, kutoka gemu ya Super Famicom, mdogo wake Famicom. Mashine ile ya 1990 ina njia nane za sauti. Yeye alizifanya ishirini na kitu. Kwenye laptopu ilikuwa inatisha. Sote tuliisikiliza tukasema naam, hii ipigwe.

Karatasi zikagaiwa, zikabanwa kwa vibanio vya nguo kwa ajili ya feni. Wakaanza. Fidla ya kwanza alifika mstari wa tatu akasimama, akatazama karatasi, akatazama fidla. Kulikuwa na Fa iliyo chini ya Sol ya waya mzito, na fidla haina noti hiyo. Kompyuta ilikuwa inaipiga bila ya kusema lolote, kwa sababu programu yake iliziruhusu sampuli zinyooshwe kwenda chini. Wakaiacha, wakaendelea.

Dada wa ganuni naye akasimama. Ganuni inafungwa kwa noti saba za skeli, na ukitaka nusu noti unakwenda kwenye vile vidude vya chuma upande wa kushoto, unainua au unalaza. Kijana alimwandikia mbio za nusu noti kumi na mbili, mikono yote miwili, bila ya nafasi. Akamuuliza kwa upole kabisa: "Sasa hivi vidude nivigeuze kwa mkono upi?" Kijana akasema ataangalia.

Kisha ikafika zamu ya nai. Mpigaji ni mzee wetu, mtu wa maneno machache. Alipiga mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, uso ukaanza kubadilika, akaishusha nai. Karatasi yake ilikuwa haina hata pumziko moja, ukurasa mzima. Kijana akawahi: "Samahani babu, kwenye kompyuta inapita." Mzee hakugomba. Aliipangusa nai kwa kitambaa, akampa. "Chukua mwanangu, nionyeshe pa kuvuta pumzi." Kijana aliishika, akaitazama tundu zake, hakujua hata mdomo unakaa wapi.

Na bado mwisho. Kwenye faili, muziki ulikuwa unajirudia huku sauti inafifia mpaka inapotea, na ndivyo alivyoandika kwenye karatasi: rudia, fifia. Watu kumi na tano hawajui kufifia kwa pamoja. Mmoja mmoja aliacha alipoona inatosha, akabaki mpiga ngoma ya dumbak peke yake anagonga polepole, anatutazama kwa macho ya kuuliza. Tulicheka sote, na kijana akazikusanya karatasi zake akenda kukaa ngazini.

Alichokifanya baadaye ndicho ninachotaka mkifanye mapema. Alirudi. Akakaa na kila mpigaji kwa zamu, ala ikiwa mkononi, akawauliza mawili: ni noti zipi zinakutesa, na ni zipi unazipenda? Mpiga nai akamweleza kwamba anazo nai za urefu mbalimbali, kila moja na mlango wake, yaani skeli inayoikaa vizuri, na kwamba nusu noti anazitafuta kwa kuziba tundu nusu na kuinamisha kichwa, kwa hiyo apewe muda. Dada wa ganuni akamwonyesha mitetemo ambayo mkono wake unaifanya bila ya kufikiri. Mpangilio wa pili ulikuwa na nusu ya noti za ule wa kwanza. Nai ilipewa kipande kimoja tu, katikati, wengine wote wamenyamaza, na hapo ndipo bosi alipotisha kweli.

4. Lupu si wimbo. Muziki wa gemu umeandikwa ujirudie mpaka mchezaji amalize leveli; msikilizaji aliyekaa kwenye kiti hana leveli ya kumaliza. Na dawa tunayo nyumbani. Tazameni bashrafu inavyojengwa, hii ambayo taarab inafungulia na asili yake Uturuki: sehemu mpya, kiitikio, sehemu mpya, kiitikio. Ifanyeni lupu iwe kiitikio. Kila inaporudi ashike mwengine, na kati yake pelekeni muziki kwenye maqam (skeli ya Kiarabu) nyengine, au mpeni mpiga udi taksimu, apige peke yake kwa kubuni papo hapo. Na muandike mwisho, noti ya mwisho kabisa, pamoja na nani anaipiga.

5. Haya ya haraka. Wanaopanga kwa kompyuta tupu, bila ya wapigaji: noti zote zikiwa na nguvu 100 kati ya 127 za kipimo cha midi, fidla zako zitasikika kama bunduki, zibadilisheni. Mwangwi mmoja kwa okestra nzima, si kila ala na chumba chake. Filimbi ya chini haisikiki mbele ya tarumbeta. Dabalbesi inalia oktavu moja chini ya ilivyoandikwa. Tarumbeta ya Si bemoli ikisoma Do inatoa Si bemoli, muulizeni yeyote aliyeisahau hiyo siku ya onyesho. Hifadhini kazi mahali pawili.

6. Mnapotathmini kazi za wenzenu.

Hapa ndipo ninapokasirika. Mtu anatoa alama kwa sababu aliicheza gemu ile akiwa skuli. Hiyo ni alama ya utoto wake. Sikiliza asili kwanza, kisha sikiliza mpangilio, kisha mwite mtu ambaye hajawahi kuigusa gemu hiyo, mama yako au jirani, muone kama anakaa mpaka mwisho.

Maswali yangu ni haya tu: asili inatambulika? Mpangaji ameamua jambo, au ameigeuza sauti ya chipu ya mashine kuwa fidla akaondoka? Ukiitoa melodia, kinachobaki kinasema kitu?

Na ujue asili ni ipi. Melodia ya gemu ya Tetris ya Game Boy, mashine ya mkononi, ya 1989, ni Korobeiniki, wimbo wa watu wa Urusi wa karne ya 19. Mwenzetu mmoja alikatwa alama kwa kuwa "hakufuata gemu", naye alikuwa ameufuata wimbo wenyewe. Aliyemkata hakuuliza.

Wala msiseme kupanga ni kazi ya pembeni. Baba Yetu ya Christopher Tin, iliyofungua gemu ya Civilization IV mwaka 2005, imeimbwa kwa lugha yetu hii, na mwaka 2011 ndiyo ilikuwa ya kwanza katika muziki wa gemu kupata Grammy. Tuzo yenyewe ilikuwa ya mpangilio: ala zinazowasindikiza waimbaji. Isikilizeni mkiwa na penseli, muandike nani anaingia lini.

"Safi sana kaka" si tathmini. Andika dakika na sekunde, andika ala, andika ulichosikia na ungefanya nini: "1:40, sello na kodiani wako kwenye oktavu moja wanagombana, mshushe sello." Mwenzio akisoma hivyo, jioni hiyohiyo anafungua faili na anajua aanzie wapi.