Uliza Dada: Je, Mungu anaweza kunichekesha kwa makaa?

SWALI: Dada habari za huko. Mimi ni Nalongo niko Busia upande wa Uganda, nauza mukene, wale dagaa, sokoni. Juzi makaa yaliisha na pesa hakuna, nikaomba nikasema Baba nipatie tu makaa nipikie hawa watoto. Mvua ikaanza, kijana wa boda akaja kujikinga kwa baraza yangu, gunia lake la makaa limepasuka chini, akasema mama chukua hayo yanayomwagika siwezi kufika nayo. Nikapata beseni zima lakini yameloa chapachapa! Nikacheka mpaka watoto wakashangaa, kumbe nilisahau kuomba makavu. Kwa maombi ya Jumatano niliposhuhudia wenzangu waliguna, mmoja akasema Mungu si wa vitu vidogo hivyo na kucheka ni kukosa heshima. Nimekosea kweli?

JIBU: Nalongo, hujakosea hata kidogo, na ushuhuda wako umenifurahisha kuliko zile za viza na magari tunazosikia kila Jumapili.

Huyo anayesema Mungu si wa vitu vidogo asome 2 Wafalme 6. Wanafunzi wa manabii wanakata miti kule Yordani, shoka la mmoja linatumbukia majini, analia kwa sababu lilikuwa la kuazima. La kuazima tu! Na Mungu akafanya chuma kielee. Sasa deni la shoka na chakula cha watoto wako, kipi kidogo?

Halafu ona anavyoleta vitu kwa njia ambayo binadamu hawezi kupanga. Eliya amejificha kijito cha Kerithi, wanaomletea mkate na nyama asubuhi na jioni ni kunguru, ndege ambaye Walawi 11 inamtaja kati ya najisi, tena wewe wa sokoni unamjua, ukigeuka kidogo amebeba samaki wako. Yaani mwizi wa nyama ndo anatumwa kupeleka nyama na anaifikisha! Mimi hapo nacheka kila nikisoma. Ama Petro kwa Mathayo 17, wanadaiwa kodi ya hekalu, mvuvi wa nyavu anaambiwa nenda na ndoana, samaki wa kwanza mfungue mdomo, ndani kuna shekeli moja, inatosha watu wawili kamili, hata ya soda haibaki.

Na sisi hapa je? Novemba mvua zikija, kule Masaka watu wanawasha taa kali, wanasimamisha mabati juu ya mapipa, nsenene, wale panzi wa kuliwa, wanashuka kutoka angani wanateleza wenyewe ndani, hakuna aliyelima hakuna aliyepanda, na panzi hao ndo wanaleta pesa nyumbani. Usipocheka hapo utacheka wapi?

Ila nikuombe kitu, jirani aliyelala njaa siku hiyo usimwambie hakuomba vizuri. Sara alingoja mpaka miaka 90 ndo akasema Mungu amemfanyia kicheko, na miaka yote ile ya kungoja Mungu hakuwa amemwacha.

Na yule kijana wa boda, gunia lilipasuka hasara ikawa yake, kwa hiyo ukimwona pale stegi mshukuru, na kama mukene ipo mfungie kidogo apeleke nyumbani.