Mizani imetimia, mkazo je?

Wadogo zangu mnaoanza kufundisha kwaya, juzi nilikaa nyuma kwenye mazoezi nikamsikia mwalimu kijana akisema, "Mizani imetimia, tuimbe." Sikulala vizuri.

1. Mjue mtunzi kabla ya kugawa sauti. Tuni niliyofundisha mimi, Missionary Hymn, yaani ile ya wimbo wa Kiingereza "From Greenland's Icy Mountains", ni ya Lowell Mason, Mmarekani aliyeitunga miaka ya 1820 akiwa karani wa benki mjini Savannah, Georgia. Ndiye huyo huyo wa tuni ya "Karibu na Wewe" mnayoimba misibani.

2. Soma beti zote. Maneno ni ya Reginald Heber, aliyeyaandika Wrexham, Wales, mwaka 1819. Ubeti wa kwanza unataja chemchemi za Afrika. Wa pili unasema huko Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, kila kitu kinapendeza ila mwanadamu ndiye mwovu. Sikuweza kuwapa wanakwaya wangu maneno hayo, nikatunga ya Kiswahili.

Hapo ndipo nilipokosea. Tuni ni saba-sita, mara nne, yaani mstari wa silabi saba kisha wa silabi sita. Nilihesabu mizani kwa vidole, zikatimia. Lakini inaanza na pigo dhaifu, kwa hiyo mkazo unaangukia silabi ya pili, ya nne na ya sita. Mstari wa silabi saba hauna taabu, maana sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ndiyo hiyo ya sita. Mstari wa silabi sita ndio unaoumiza: "Bwana" akawa "bwaNA", nami sikusikia. Binti mmoja wa sauti ya pili alisikia. Kila tukifika pale alilitamka neno kama wanavyolitamka kwao, akapishana na wenzake. Nilimkemea mbele ya kwaya nzima wiki tatu mfululizo, na Jumapili ya misheni nikampeleka mstari wa nyuma. Baada ya ibada bibi mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, leo mmeimba lugha gani?"

Jioni ile nilikwenda kwa akina binti yule nikamwomba radhi mbele ya mama yake.

3. Mwanakwaya akikosea mahali pale pale kila mara, mwulize anasikia nini.

4. Noti ya mwisho ya mstari wa silabi sita ni ndefu. Ikate iwe mbili, silabi ya saba ipate pa kukaa. Ni binti yule aliyenionyesha, jioni ile ile niliyomwomba radhi, akigonga mapigo kwenye sinia la mchele alilokuwa akichagua.