Kuushika Uaminifu wa Mungu Wakati Machozi Hayajakauka

Maneno ambayo wengi wetu tunayajua kutoka kitabu cha Maombolezo yako katikati kabisa, sura ya 3, mstari wa 22 na wa 23, pale tunapoambiwa kwamba rehema za Bwana ni mpya kila siku asubuhi na kwamba uaminifu wake ni mkuu. Mara nyingi tunayasoma kana kwamba yaliandikwa na mtu aliyekwisha kuivuka shida yake. Sivyo. Mji wa Yerusalemu ulikuwa umeanguka mikononi mwa Wababeli, mwaka 586 kabla ya Kristo, baada ya kuzingirwa hadi chakula kikaisha. Hekalu lilikuwa limeteketezwa na watu wamechukuliwa mateka. Mistari michache tu kabla ya hapo, msemaji huyo huyo analia kwamba nguvu zake zimepotea pamoja na tumaini lake kwa Bwana, na akishaukiri uaminifu wa Mungu anarudi tena kuomboleza.

Nilianza kuielewa sura hiyo mume wangu alipopatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulilegea, na mtu aliyezoea kuongoza sala ya jioni nyumbani akawa hawezi hata kulitaja jina la mwanawe. Kumlisha kikombe kimoja cha uji kulimaliza asubuhi nzima: nilimwinua kwa mito, nikampa nusu kijiko cha chai, nikalitazama koo lake mpaka nione amemeza ndipo nimpe kingine, kwa maana tulikuwa tumeonywa juu ya hatari ya uji kuingia mapafuni. Sikuwa na nguvu ya sala ndefu. Niliombea kikombe hicho, na kilipokwisha nilishukuru.

Ndugu yangu uliye katika dhiki, ningekushauri uombe hivyo. Usijitwishe leo mzigo wa mwaka mzima ujao, ukamdai Mungu akuonyeshe mapema jinsi utakavyoubeba. Waisraeli jangwani waliokota mana ya siku hiyo, na waliobakiza hadi asubuhi waliikuta imeingia mabuu na kunuka. Ni usiku wa kuamkia Sabato tu ndipo akiba haikuoza. Rehema mpya kila asubuhi hutujia kwa utaratibu huo huo, na anayezihesabu zinapofika huona nyingi ambazo mwenye hofu ya kesho huzipita bila kuziona.

Wala usimfiche Mungu uchungu wako kwa kudhani kwamba malalamiko ni ukosefu wa imani. Zaburi ya 88 inakwisha gizani, bila shukrani wala sifa, na bado watu wa Mungu wameitunza miongoni mwa sala zao kwa karne nyingi. Anayelia mbele za Mungu bado anaamini kwamba yuko anayesikia.

Wapo watakaokuambia kwamba mgonjwa wako haponi kwa sababu imani yenu ni haba. Kwetu walifika, wakataka aache vidonge vya presha ili tuonyeshe kwamba tunamtegemea Mungu peke yake. Niliwasikiliza kwa adabu, kisha nikaendelea kumpa dawa kwa saa zake, kwa kuwa sioni kwa nini Mungu aliye mwaminifu asitende kazi kupitia kidonge na mikono ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Leo mume wangu anatembea kwa mkongojo na usemi umerudi kwa sehemu. Mkono wa kulia haujarudi, na bado tunauombea.

Jambo la mwisho ni gumu kwa wengi wetu tuliolelewa kuficha shida za nyumba. Akina mama wa jumuiya waliponiuliza ninahitaji nini, niliwaambia wazi: mtu wa kukaa na mgonjwa ili nilale, sabuni ya kufulia mashuka, na nauli ya kwenda kliniki. Walipangiana zamu siku hiyo hiyo. Nawe ukiulizwa, taja unachohitaji, tena kwa jina lake, na uwaachie wenzako nafasi ya kukuletea.