Maswali yenu: Kuli wa reli, Makhan Singh na wagomaji wa London

*Hapa Voi tumezoea kuambiwa kwamba wenye maduka wa Kihindi ni wajukuu wa vibarua wa reli. Ni kweli?*

Ni wachache tu. Kati ya 1896 na 1901 watu 31,983, walioitwa kuli, waliletwa kwa mkataba kutoka Bara Hindi kuijenga reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria, wengi wao Wapunjabi. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu, na kibarua wa kawaida alilipwa rupia 15 kwa mwezi, posho ya chakula na nauli ya kurudi. Sasa tazama walivyoishia. Waliokufa ni 2,493. Wengine 6,454 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au wamelemaa, na 16,312 wakaondoka baada ya kumaliza muda wao. Waliobaki huku ni 6,724.

Tukitaja Tsavo tunawakumbuka wale simba wawili wala watu wa 1898, ilhali wengi wa marehemu hao waliondolewa na maradhi na ajali. Reli ina maili 580 hivi, kwa hiyo kila maili ilikula roho nne na zaidi. Mimi siwezi kupita njia ile bila kuliwaza hilo.

Wenye maduka wengi walijileta wenyewe kutoka Gujarat na Kutch, baadhi yao kabla hata ya reli. Allidina Visram alifika pwani yetu akiwa kijana mdogo katika miaka ya 1860, na reli ilipokuwa ikisonga bara, maduka yake yalisonga nayo. Neno lenyewe "duka" ni lao, kama lilivyo "gari" na "laki".

*Je, kuna Mhindi aliyewatetea wafanyakazi wa Kenya, au wote walikuwa upande wa matajiri?*

Nenda ukamsome Makhan Singh. Alikuja kutoka Punjab mwaka 1927 akiwa bado kijana. Baba yake alikuwa seremala wa reli. Mwaka 1935 alikichukua chama cha wafanyakazi wa Kihindi Nairobi akakifungua kwa watu wa rangi zote, jambo ambalo serikali ya kikoloni ililiogopa kuliko mgomo wenyewe. Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alitamka hadharani kwamba Afrika Mashariki ipewe uhuru. Mwezi uliofuata alikamatwa pamoja na Fred Kubai, kiongozi mwenzake wa wafanyakazi, na hakuachiliwa hadi Oktoba 1961. Miaka 11 na ushei! Kenya ilipopata uhuru hakupewa cheo chochote cha maana, akafariki mwaka 1973. Hilo linaniuma mpaka leo.

*Shangazi yangu anasema kiongozi wa mgomo mkubwa wa Uingereza alikuwa mama aliyewahi kuishi Tanzania. Ni nani huyo?*

Shangazi yako yuko sahihi. Ni Jayaben Desai, mzaliwa wa Gujarat aliyeishi Tanzania kabla ya kuhamia Uingereza. Agosti 1976 alitoka kazini katika kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, London, kwa kuchoshwa na kulazimishwa kufanya ovataimu. Wengi wa waliomfuata walikuwa akina mama wa Kihindi kutoka Afrika Mashariki, watu ambao huku hawakuwahi kufanya kazi ya kiwandani. Walidai chama chao cha wafanyakazi kitambuliwe na kampuni. Wafanyakazi wa posta wa Cricklewood walikataa kubeba barua za kampuni, na maelfu ya Waingereza wakaja kusimama nao getini. Mgomo ulikwisha Julai 1978 bila dai hilo kukubaliwa.

*Niko Muscat. Wenzangu Wabangladeshi wamefika na madeni ya mawakala. Je, mkataba wao una tofauti gani na ule wa kuli?*

Deni na kufungwa kwa mwajiri mmoja vinafanana mno. Tofauti kubwa ni kwamba zamani, kule Mauritius, Natal (Afrika Kusini) au Fiji, walikopelekwa Wahindi kwa mikataba kama hiyo, kuli aliyeacha kazi alihesabiwa mhalifu na kutiwa jela. Kupeleka watu ng'ambo kwa mikataba ile kulikomeshwa mwaka 1917. Huko Oman, tangu Januari 2021, mgeni aliyemaliza mkataba anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila barua ya ruhusa kutoka kwa yule wa kwanza. Waambie wenzako hilo, ndugu yangu, na kila mmoja abaki na nakala ya mkataba wake na ya pasipoti.