B ya Cambridge na C ya NECTA: usizipime kwa asilimia

Dada yangu wa Chake Chake, umeuliza kama B ya hisabati ya mwanao, aliyesoma A Level ya Cambridge, imeipita C ya binamu yake aliyefanya mtihani wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania. Usizipime kwa asilimia. Kidato cha sita, C ya NECTA huanzia alama 60 na B 70. Cambridge mipaka yao hubadilika kila msimu wa mtihani, kwa kuangalia ugumu wa karatasi.

Kwanza kichukue hicho cheti ukisome vizuri: ni A Level kamili au AS? Hapa ndipo wengi wanapoumia. Niliwahi kukaa na kijana wa Wete, ana A yake safi, kumbe ni ya AS, nusu ya kozi. Skuli haikumwambia. Iliniuma sana. Hata NECTA kwenyewe, BAM, yaani hisabati ya msingi (Basic Applied Mathematics), si sawa na Hisabati ya Juu, na anayetaka uhandisi huulizwa hiyo ya Juu.

Kisha omba NECTA karatasi ya ulinganifu, inayoonesha cheti cha nje kinalingana na kipi cha hapa, mapema, kabla dirisha la udahili halijafunguliwa. Chuo kitaitazama karatasi hiyo, si hesabu zetu za barazani.