Maswali yenu: kibarua cha kampasi Marekani ukiwa na viza ya F-1

Msimu wa kuondoka umefika, wengi mnaanza chuo Marekani mwezi wa nane na kila mtu anaulizia vibarua. Najibu yale yanayojirudia sana.

Kaka shikamoo. Eti lazima nimalize mwaka ndo niruhusiwe kufanya kazi?

Marahaba mdogo wangu. Mwaka unaousikia ni wa kazi za nje ya chuo, hizo zina vibali vyake. Ndani ya kampasi mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi, unaruhusiwa tangu mwanzo, mwisho masaa 20 kwa wiki masomo yakiwa yanaendelea, likizo unaweza kuzidisha. Na hayo 20 ni jumla ya kazi zote, sio 20 maktaba halafu 20 zingine bwaloni, watu wanachanganya hapo. Ukipitiliza hakuna atakayekufokea siku hiyo ila imeandikwa kwenye malipo yako, na siku unaomba kibali kingine ndo inafufuka.

Nimeomba kazi ya Work-Study nikakataliwa, ni rangi yangu?

Safari hii hapana. Work-Study ni mpango wa kusaidia wanafunzi kupitia kazi, hela yake inatoka serikali kuu kwa ajili ya raia, wenye green card na makundi mengine machache, sisi wa F-1 hatumo. Tafuta tangazo la kazi ya mwanafunzi lisilotaja hiyo Work-Study, yapo.

Nimeomba kazi kibao kwenye Handshake (ile tovuti ya kazi za wanafunzi), kimya. Nifanyeje?

Toka chumbani dada. Handshake ni sawa, vyuo vingi vinaitumia, lakini tangazo likishakaa pale mnaligombania kampasi nzima. Nenda bwaloni saa tisa mchana wakati hakuna foleni, ulizia meneja wa wanafunzi, mwambie jina lako na siku unazoweza, na utaje asubuhi! Shifti ya chai ya asubuhi na chumba cha kuoshea vyombo hazina wenyewe. Sikufichi, kule kwenye vyombo trei zinakuja kwenye mkanda hazisimami, mvuke usoni, vikombe vina kahawa iliyogandana na tishu ndani, unamaliza viatu vimelowa chapachapa. Ila sehemu nyingi unakula bure ukiwa shifti na ukionyesha kutegemeka wanakuhamishia kwenye kaunta. Mapokezi ya hosteli na dawati la maktaba ndo kila mtu anataka kwa sababu unaweza kusoma humo humo, kwa hiyo ulizia mapema kabla madarasa hayajaanza, na urudi tena katikati ya semista maana kuna watu mitihani ikikaza wanaacha kazi.

Halafu kuna kitu wabongo wengi tunakisahau, kama chuo chako kinafundisha Kiswahili (vipo vingi tu) kamuone mwalimu umuulize kama wanahitaji mtu wa kufanya mazoezi ya kuongea na wanafunzi. Unalipwa kwa kupiga stori, nani atakataa.

Wananiuliza SSN (namba ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii) na mimi sina, si nitaikosa kazi?

Huwezi kuikosa kwa hilo, kazi inatangulia namba inafuata. Ukishakubaliwa unachukua barua ya mwajiri na barua ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, pamoja na pasipoti, I-20 (fomu ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni) na I-94 (rekodi ya kuingia Marekani), unaenda ofisi ya Social Security. Kadi ni bure, akitokea mtu anadai hela akutafutie mkimbie.

Hela yake inalipa ada? Au niendeshe Uber kwa akaunti ya binamu?

Ada hapana. Kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009, japo majimbo mengi yanalipa zaidi. Kwa kima hicho masaa 20 ni dola 145 kwa wiki kabla ya kodi, hiyo ni ya chakula, simu na sabuni. Uber na kupeleka watu chakula ni kazi ya nje ya chuo, kwa akaunti ya binamu ndo kabisa, umeongeza kosa juu ya kosa na viza inaondoka.

Badala yake kagua karatasi yako ya mshahara. Miaka mitano ya kwanza mwanafunzi wa F-1 kwa kawaida hakatwi Social Security na Medicare (bima ya afya ya wazee), jumla yake asilimia 7.65, ukiona umekatwa nenda ofisi ya mishahara na I-20 yako udai warudishe.