Kabla hujailaumu bunduki: niliyojifunza kwenye risasi za shaba

Mwaka nilioanza kutumia risasi za shaba tupu, nilibaki kidogo tu niuze bunduki yangu. Ni ya saizi ya risasi iitwayo .30-06, ya zamani, niliyoachiwa na baba mdogo na kuhamishiwa jina baada ya taratibu zote za polisi. Kwa risasi za kawaida za greni 180 (greni ni kipimo cha uzito, 180 ni kama gramu 12), zile zenye kiini cha madini ya risasi na gamba jembamba la shaba, ilikuwa ikiweka matundu matatu ndani ya sentimita tatu kwa mita 100. Nikanunua za shaba, uzito uleule. Matundu yakatawanyika sentimita 11.

Nikajiambia sentimita 11 si mbaya, kongoni ni mnyama mkubwa. Nikaondoka Dar kwa njia ya Kibiti hadi Mloka, nikaingia porini hivyo hivyo. Kongoni nilimpata siku ya pili, mita kama 140, amesimama ubavu. Nikafyatua, akaruka, akakimbia na kundi. Tulianza kufuata nyayo saa mbili asubuhi. Mzee tuliyekuwa naye, Mndengereko aliyezisoma nyayo kabla mimi sijazaliwa, aliinama kwenye jani la nyasi, akapitisha kidole kwenye tone la damu, akanionyesha. Damu ilikuwa nyeusi, na ndani yake mlikuwa na vipande vya majani mabichi yaliyotafunwa. Risasi ilipita tumboni. "Mwanangu," alisema, "huyu tumemtesa." Tulimpata saa saba kasoro, bado yu hai. Tangu siku hiyo sijaingia porini na bunduki ambayo sijui inaweka wapi risasi yake.

Kuna waliosema nirudi kwenye risasi za zamani tu. Sikutaka, na bado sitaki. Risasi ya kiini laini ikigonga mfupa hupasuka, na vipande vidogo vya yale madini, ambayo ni sumu, husambaa kwenye nyama mbali na tundu lenyewe. Nyama hiyo inaliwa kambini, inaliwa vijijini, na utumbo tunaowaachia tumbusi nao wanaumeza na sumu yake. California walipiga marufuku risasi zenye madini hayo kwa uwindaji wote kuanzia Julai 2019, sababu kubwa ikiwa ni tumbusi wao wakubwa waitwao kondori waliokuwa wakifa. Ya shaba hufunguka kama ua mbele, na mwili wake hubaki karibu wote. Lugha yetu imelipa dude hili jina la madini yake, risasi, lakini nadhani wakati umefika wa kuyaacha madini na kubaki na jina.

Kosa langu nililiona siku nilipoketi mezani kwangu Tabata na risasi mbili mbele yangu, zote greni 180, moja ya zamani na moja ya shaba, vichwa tu bila maganda. Ya shaba ilizidi kwa urefu karibu nusu sentimita. Ni hesabu ya uzito tu: sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina gramu 11.3, ya shaba ina gramu 8.9. Ukitaka uzito uleule katika unene uleule, lazima urefuke. Na kitu kirefu kinataka kuzungushwa kwa kasi zaidi ili kisiyumbe hewani. Mwingereza Alfred George Greenhill aliandika kanuni ya jambo hili mwaka 1879, na hadi leo ndiyo wengi huanzia: kadiri risasi inavyorefuka, ndivyo michirizi ya ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi, inavyotakiwa kujizungusha kwa umbali mfupi zaidi.

Kwa hiyo jambo la kwanza, jua mtutu wako unaizungusha risasi mara moja kwa kila inchi ngapi. Usiulize dukani, pima. Chukua ufito wa kusafishia wenye mpini unaozunguka, ufunge kitambaa kinachobana, usukume ndani kidogo. Weka alama mbili kwenye ufito kwa kalamu ya wino mzito: moja juu, upande unaokutazama, na nyingine pale ufito unapoingilia mtutu. Sukuma taratibu mpaka ile alama ya juu izunguke mara moja na kurudi ilipokuwa, kisha pima ufito umeingia kiasi gani. Wangu ulitoa inchi 10, ambao ndio wa kawaida kwa .30-06. Bunduki nyingi za .308, saizi nyingine ya risasi, ni inchi 12, na hizo zina shida zaidi na risasi ndefu.

Dawa yake ni kushuka uzito. Greni 150 ya shaba ina urefu unaokaribia ule wa greni 180 ya zamani, inatoka kwa kasi kubwa zaidi, na kwa kuwa haipasuki, inapenya vizuri kuliko uzito wake unavyokudanganya. Najua hili ni gumu kumeza kwa sisi tuliolelewa na wazee wanaoamini risasi nzito peke yake. Mimi nilibisha mwaka mzima. Nilipojaribu greni 150, zile sentimita 11 zikawa tano siku hiyohiyo, kabla sijagusa kitu kingine chochote.

Tano zilibaki kuwa tano mpaka niliposafisha mtutu kweli. Nilidhani nasafisha. Kumbe mafuta na brashi yanatoa masizi ya baruti tu, ila shaba iliyoachwa na risasi za miaka yote hubaki imeganda kwenye michirizi, na risasi mpya ya shaba tupu haipendi kupita juu ya tabaka la aina nyingine. Nilinunua dawa ya kuyeyusha shaba, ile yenye amonia, nikafungua madirisha yote maana harufu yake inakaba koo. Nikapitisha kitambaa chenye dawa, nikasubiri dakika kumi, nikapitisha kikavu. Kilitoka na rangi ya mrututu, buluu ya kukolea. Cha pili vilevile. Cha tatu vilevile. Ilinichukua jioni mbili na mfuko mzima wa vitambaa mpaka kikatoka cheupe. Fuata muda ulioandikwa kwenye chupa, usiiache dawa ikalala ndani usiku kucha, na ukimaliza kausha kabisa, kisha paka mafuta. Kwa hewa hii ya chumvi tuliyonayo, mtutu uliosafishwa ukaachwa mkavu unaanza kutu ndani ya siku chache.

Tena usishangae, mtutu mweupe kabisa hauweki risasi yake ya kwanza mahali pamoja na zinazofuata. Wangu unahitaji tano sita ndipo utulie. Ndiyo maana sisafishi shaba tena katikati ya msimu, na wala sichanganyi chapa mbili kwenye safari moja.

Kitako cha mti nacho kikague. Unyevunyevu wa Dar, hasa masika, unavimbisha mti mpaka unagusa mtutu, na mtutu unaoguswa unatikisika tofauti kila ukifyatua. Mimi natumia noti ya elfu moja: naipitisha kati ya mtutu na kitako kutoka mbele kurudi nyuma. Ikikwama, pana mguso, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni akikwangue. Skrubu za darubini kaza kabla ya safari na tena baada ya safari, barabara ile inalegeza hata meno.

Sasa, wenzetu wanaojaza risasi wenyewe, yaani wanaotia baruti na kichwa kwenye ganda kwa mikono yao. Hapa kwetu si jambo la kujianzia nyumbani. Sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 inataka leseni kwa anayetengeneza, na mimi natumia za kiwandani tu. Lakini mgeni mmoja kutoka Namibia, ambaye kwao hujaza zake, alinifungulia daftari lake kambini usiku mmoja, na nilichokiona humo kimenisaidia hata mimi ninayenunua. Kurasa nzima zilikuwa za jambo moja: umbali ambao risasi inaruka kutoka kwenye ganda hadi kugusana na michirizi. Kwa risasi za zamani wengi huisogeza karibu sana. Kwa za shaba aliirudisha nyuma, akianzia sehemu hamsini kati ya elfu moja za inchi, yaani milimita 1.27, umbali ambao Barnes, kampuni inayotengeneza risasi za shaba, wenyewe wanaushauri, kisha anausogeza kidogo kidogo na kupiga matundu matatu kila hatua. Hakuwahi kubadilisha baruti na umbali kwa siku moja. Na kipimo cha baruti alikitoa kwenye kitabu cha risasi ileile ya shaba, si cha ya zamani yenye uzito huo, kwa sababu ndefu inakula nafasi ndani ya ganda, na kwa ugumu wake mgandamizo unaweza kupanda hadi hatari. Alinionyesha pia mifuo iliyokatwa kuzunguka mwili wa risasi. Barnes walipoanza kuuza ya shaba tupu mwaka 1989 haikuwa nayo, na ilichafua mitutu sana. Mifuo hiyo ilikuja na toleo la 2003, na malalamiko mengi yakapungua.

Faida yake kwa mnunuzi ni hii: huwezi kubadilisha umbali huo, basi badilisha chapa. Nunua boksi moja moja la aina tatu, pigia mezani juu ya mifuko ya mchanga, asubuhi kabla jua halijawaka, na uache mtutu upoe mpaka unashikika kwa kiganja. Risasi zenyewe ziweke kivulini. Zilizokaa kwenye dashibodi zinatoka kwa kasi nyingine. Baina ya chapa tatu nilizojaribu, moja iliweka sentimita mbili na nusu, nyingine nne, na ya tatu, ambayo ndiyo ghali kuliko zote, saba. Jirani yangu mwenye bunduki kama yangu alipata kinyume kabisa.

Umbali wa kupiga usiuzidishe. Shaba inataka kasi ili ifunguke, na chini ya mita 600 kwa sekunde siiamini tena. Mimi sivuki mita 200.

Siku hizi tukifika kambini, kabla hata ya mizigo kushushwa, natundika boksi tupu kwenye gogo, mita 100, na kupiga mbili. Mzee hukaa kwenye kigoda chake akisubiri, kisha huenda mwenyewe kutia kidole kwenye matundu. Mwaka jana vidole viwili havikuenea kati yake. Alirudi akachukua fimbo yake, akaniuliza tunaanzia upande gani wa mto.